Pencheni ya ulemavu imeanzia tarehe isiyo sahihi: namna ya kukata rufaa, hatua kwa hatua

Barua za rufaa ninazoletewa nizisome, nyingi zimeandikwa kwa machozi. Mtu anaeleza mguu unavyomuuma, watoto wanavyorudishwa skuli, deni la duka lilivyofika. Yote ni kweli. Lakini ukisoma kurasa mbili zima hukuti tarehe hata moja. Afisa anayepokea barua hiyo hana cha kubadilisha, kwa sababu aliyeomba hakumwambia abadilishe nini, kutoka siku gani kwenda siku gani, na kwa karatasi ipi.

Rufaa ya tarehe ya kuanza pencheni haibishanii kama wewe ni mlemavu. Hilo mfuko umeshalikubali, ndiyo maana unalipwa. Kinachobishaniwa ni siku moja tu ya kalenda. Kwa hiyo kazi yako yote, kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, ni kutafuta karatasi ya zamani kuliko ile waliyoitumia wao, na kuonyesha kwamba karatasi hiyo inakuhusu wewe na inahusu ugonjwa huo huo.

Mwongozo huu nimeuandikia khasa wanachama wa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, Unguja na Pemba, pamoja na jamaa wanaowasimamia. Mifuko ya Bara imetajwa kwenye hatua ya 1, na wanaolipwa na nchi za nje wana sehemu yao karibu na mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi kabla hujaandika neno

Tafuta faili la karatasi au bahasha kubwa ya kaki, uweke humu:

- barua ya uamuzi, yenyewe ya asili, pamoja na bahasha iliyokuja nayo kama ipo;
- nakala ya fomu ya maombi uliyojaza, au stakabadhi ya siku uliyoipeleka;
- Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na kadi ya uanachama wa mfuko;
- kadi na vyeti vyote vya hospitali, hata vilivyochakaa: kadi ya wagonjwa wa nje, cheti cha kuruhusiwa kutoka wodini, barua za rufaa za matibabu, picha za eksirei, risiti za dawa;
- hati za mshahara za miezi sita ya mwisho uliyofanya kazi, au taarifa ya benki inayoonyesha mshahara wa mwisho kuingia;
- barua yoyote ya mwajiri: likizo ya ugonjwa, kusimamishwa mshahara, kustaafishwa kwa maradhi;
- taarifa ya michango yako kutoka kwenye mfuko;
- daftari jipya na kalamu.

Daftari usilidharau. Kila safari ya ofisini iandike humo: siku, saa, ofisi, jina la uliyeongea naye, alichokuambia. Miezi mitatu baadaye hutakumbuka, na wao hawatakukumbusha.

Kila karatasi itolee kopi tatu. Ya asili haitoki nyumbani ila kwa kuonyeshwa na kurudi nayo.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni nani anayekulipa

Hatua hii ni fupi, ila kuna watu wamepoteza miezi kwa kuiruka.

Aliyefanya kazi serikalini Zanzibar au kwenye kampuni na hoteli za hapa, kwa kawaida amechangia ZSSF, inayoendeshwa kwa Sheria Nam. 2 ya 2005 na marekebisho yake. Aliyeajiriwa na taasisi ya Muungano huenda yuko PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya watumishi wa umma. Aliyefanya kazi kampuni binafsi Dar es Salaam au Arusha, atafute NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unawahusu walioumia au kuugua kutokana na kazi Tanzania Bara.

Pencheni Jamii ni kitu kingine kabisa. Hiyo hulipwa mzee aliyefika miaka 70, amechangia au hakuchangia, na haiangalii ulemavu. Vilevile fidia wanayopewa walioanguka mikarafuu haina uhusiano na pencheni hii. Ukichanganya haya ndani ya barua moja, barua yako itazunguka meza hadi meza bila ya kujibiwa.

*Umefanikiwa ukiwa na:* jina la mfuko, nambari yako ya uanachama, na kumbukumbu nambari iliyoko juu ya barua ya uamuzi.

## Hatua ya 2: Isome barua ukitafuta tarehe nne

Kaa na mtu mwengine anayejua kusoma barua za kiofisi. Chukua penseli, uzungushie tarehe hizi:

1. tarehe ya barua yenyewe;
2. tarehe pencheni inapoanzia;
3. tarehe ya maombi kama wao walivyoiandika;
4. tarehe ya bodi ya madaktari, au tarehe ya ulemavu waliyoikubali.

Sasa linganisha ya pili na nyenginezo. Mara nyingi utaona jibu hapo hapo. Kama pencheni inaanza mwezi unaofuata kikao cha bodi, basi walihesabu kuanzia siku bodi ilipokuona, si siku ulipoacha kuweza kazi. Kama inaanza mwezi unaofuata maombi, walitumia siku fomu ilipopokelewa. Kama inaanza baada ya mshahara wa mwisho, huenda wako sawa.

Hapo kwenye mshahara niseme wazi, maana wengi hawapendi kulisikia. Ikiwa mwajiri aliendelea kukulipa mshahara wa likizo ya ugonjwa mpaka Disemba, usitarajie pencheni ya Julai hadi Disemba ya mwaka huo huo. Huwezi kulipwa mshahara kama mtu aliye kazini na pencheni kama mtu asiyeweza kazi kwa mwezi mmoja. Ukiikuta hali hiyo kwenye karatasi zako, punguza dai lako lianzie pale mshahara ulipokatika. Dai dogo lenye ushahidi linapita pale ambapo dai kubwa lenye shimo linaangusha kila kitu.

Barua isipoeleza kwa nini wamechagua tarehe hiyo, usibahatishe. Andika barua ya mistari mitano kuomba sababu za uamuzi na nakala ya ripoti ya bodi. Ni haki yako. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12(6), inampa mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo chengine nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Huwezi kusikilizwa kwa ukamilifu juu ya jambo ambalo hukuambiwa sababu yake.

*Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja:* "Wameanzia siku fulani kwa sababu fulani, na mimi nasema ni siku fulani kwa sababu fulani."

## Hatua ya 3: Zuia muda usikupite

Tafuta kwenye barua muda wa kukata rufaa. Ukiukuta, hesabu siku na uiandike siku ya mwisho kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari. Usipoukuta, nenda ofisini wiki hiyo hiyo uulize, na jibu uliandike pamoja na jina la aliyekupa.

Kisha, hata kama ushahidi haujakamilika, peleka mara moja barua fupi ya kutoa taarifa: kwamba hukubaliani na tarehe ya kuanza pencheni, kwamba unakata rufaa, na kwamba vielelezo vinafuata. Kumngoja daktari bingwa arudi safari ndiko kunakoua rufaa nyingi. Barua ya taarifa inakuweka ndani ya muda. Ushahidi unaweza kufuata.

Kama muda ulishapita, bado andika. Ila aya ya kwanza ieleze kwa nini umechelewa, na uambatanishe kithibitisho: ulikuwa wodini, barua ilipelekwa shehia siyo yako, ulikuwa huwezi kusema wala kushika kalamu baada ya kiharusi.

Tahadhari: Usiache kupokea pencheni unayolipwa sasa kwa kudhani kwamba ukichukua umekubali tarehe yao. Chukua. Kwenye barua yako andika kwamba unapokea malipo hayo bila ya kuacha dai lako la miezi ya nyuma.

## Hatua ya 4: Unda mstari wa tarehe

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa naomba usiharakishe. Tenga siku nzima.

Fungua kurasa mbili za daftari, piga mistari upate safu tatu: *tarehe*, *kilichotokea*, *karatasi inayothibitisha*. Anza na siku ulipougua au kuumia, malizia na siku ya barua ya uamuzi. Jaza kila unachokumbuka, hata kisicho na karatasi. Safu ya tatu ikiwa tupu, hiyo ndiyo orodha yako ya vitu vya kwenda kuvitafuta.

### Kugeuza kumbukumbu kuwa tarehe

Watu wetu hawakumbuki kwa tarehe za ofisini. Bibi atakwambia, "Alianguka usiku wa Mfungo Mosi, tumeshakula Idi." Mwengine atasema ilikuwa masika, au wakati wa kuchuma karafuu, au wiki ya Mwaka Kogwa. Hizo ni kumbukumbu nzuri, na hazidanganyi kwa urahisi. Kazi yako ni kuzitafsiri.

Mfungo Mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani. Mfungo Tatu ndio wa Idi kubwa. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi ya mwaka huu haiangukii pale ilipoangukia miaka mitatu nyuma. Ramadhani ya 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili, hivyo aliyeugua baada ya Idi ndogo ya mwaka huo aliugua Mei. Chukua kalenda ya zamani ya msikitini au ya ukutani, zipo kwenye nyumba nyingi, ulinganishe. Kwenye barua usiandike tarehe kamili kama huna uhakika nayo. Andika "wiki ya kwanza ya Mei 2022" na uache karatasi ya hospitali iseme siku.

Andika mwezi kwa maneno kila mahali. Ukiandika 3/4/2022 mmoja atasoma Aprili, mwengine Machi.

### Kwenda kulitafuta faili la hospitali

Andika mambo matatu kwenye kikaratasi kabla ya kwenda: jina kama lilivyoandikwa *siku ile*, nambari ya kadi au ya faili, na mwezi wa kulazwa pamoja na wodi. Karani wa kumbukumbu akipewa "mzee wangu alilazwa mwaka juzi" hawezi kukusaidia. Akipewa mwezi na wodi, ataangalia kitabu cha wodi hata kama faili halionekani. Kitabu hicho kina jina, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na ugonjwa. Omba barua yenye muhuri inayonukuu mstari huo mmoja. Mstari huo mara nyingi unatosha.

Usiishie hospitali moja. Mgonjwa wa Micheweni huenda alianzia kituo cha afya, akapelekwa Wete, akahamishiwa Chake Chake au Abdalla Mzee Mkoani, kisha akavushwa Unguja kwenda Mnazi Mmoja, na pengine Muhimbili. Kila kituo kimeacha alama. Mara nyingi karatasi ya zamani kuliko zote iko kwenye kituo kidogo cha mwanzo, ambako hakuna aliyerudi kuuliza.

Tiketi ya boti ya siku ulipovushwa si ushahidi wa ulemavu, lakini inaunga mkono barua ya rufaa ya matibabu. Iweke.

### Majina yasiyofanana

Hili limewakwamisha watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Kitambulisho kinasema Khamis, kadi ya hospitali Hamisi, hati ya mshahara H. Juma, na cheti cha wodini kina jina la babu badala ya la baba. Afisa akiona majina manne, kwake ni watu wanne.

Pata barua ya sheha inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na juu yake hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu. Fanya hivyo *kabla* ya kupeleka rufaa. Usingoje mpaka uambiwe.

### Karatasi za kazini

Nenda kwa afisa utumishi uombe barua yenye mambo mawili tu: siku ya mwisho uliyofika kazini, na mwezi wa mwisho uliolipwa mshahara. Usiombe barua ya kukusifu. Ukaichukue na nakala ya daftari la mahudhurio kama lipo.

Linganisha barua hiyo na taarifa ya michango. Ukikuta mwajiri alikata mchango kwenye mshahara wako na miezi hiyo haionekani kwenye mfuko, andika malalamiko tofauti. Lisichanganywe na rufaa, lakini lishughulikie wakati mmoja, maana pengo la michango linaweza kugeuzwa hoja dhidi yako.

*Umefanikiwa ukiwa na:* angalau karatasi moja ya hospitali na moja ya kazini zinazokutana kwenye mwezi mmoja.

## Hatua ya 5: Pata barua ya daktari yenye neno "tangu"

Cheti kinachosema "mgonjwa huyu ana ulemavu wa upande wa kulia" hakikusaidii kitu. Hilo linajulikana. Unachotaka ni barua inayosema ulemavu huo umekuwepo *tangu lini*, na daktari amelijuaje.

Mara nyingi daktari hakatai; haelewi tu unataka nini, na foleni nyuma yako ni ndefu. Mwandikie swali kwenye karatasi umkabidhi pamoja na kopi za vyeti vya zamani:

> Kwa kuangalia cheti cha kulazwa cha Juni 2022 na vipimo vilivyofuata, je, kwa maoni yako ya kitaalamu mgonjwa huyu alikuwa hawezi kufanya kazi yake kuanzia tarehe hiyo? Je, hali hiyo imeendelea bila ya kukatika mpaka leo? Tafadhali taja kumbukumbu ulizozitumia.

Maneno matatu yabebe uzito: *kazi yake*, *bila ya kukatika*, *kumbukumbu*. La kwanza linaunganisha ugonjwa na ajira: dereva aliyepoteza jicho na karani aliyepoteza jicho hawako sawa. La pili linazuia hoja kwamba ulipona ukaugua tena. La tatu linaifanya barua iwe na mizizi.

Daktari wa leo anaweza kuandika leo juu ya hali ya miaka miwili nyuma, mradi ategemee kumbukumbu za wakati ule. Barua itakuwa na tarehe ya leo, na ndivyo inavyotakiwa.

Tahadhari kubwa: Usimwombe daktari, sheha wala mwajiri aandike tarehe ya nyuma juu ya barua aliyoiandika leo. Nimeona kesi nzuri, yenye haki kabisa, ikafa kwa sababu ya karatasi moja ya aina hiyo. Muhuri ulikuwa wa mwaka mmoja, tarehe ya mwaka mwengine. Kuanzia hapo hata vyeti vya kweli havikuaminiwa, na mama wa watu alibaki analia ukumbini akisema aliambiwa hiyo ndiyo njia.

*Umefanikiwa ukiwa na:* barua yenye jina, cheo, muhuri, neno "tangu" na tarehe au mwezi.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Chukulia mfano wa mwalimu wa skuli ya msingi Wete. Alipata kiharusi Juni 2022, mshahara wa mwisho ukawa wa mwezi huo huo. Familia ilipeleka maombi Novemba 2023. Bodi ya madaktari ilimuona Februari 2024. Uamuzi: pencheni ya shilingi 240,000 kwa mwezi kuanzia 1 Machi 2024.

Yeye anasema ianze 1 Julai 2022. Kati ya siku hizo mbili kuna miezi 20: sita ya 2022, kumi na mbili ya 2023, miwili ya 2024. Mara 240,000 ni shilingi 4,800,000.

Andika na dai la pili, la chini yake. Kama tarehe ya ulemavu haitakubaliwa, basi angalau ianzie mwezi uliofuata maombi, yaani 1 Disemba 2023. Hiyo ni miezi mitatu, shilingi 720,000. Ukiweka madai mawili unampa anayeamua mahali pa kusimama katikati, badala ya kumlazimisha aseme ndiyo au hapana.

## Hatua ya 7: Andika barua

Ukurasa mmoja. Ukizidi, uwe mmoja na nusu. Machozi yasiingie, hata kama unayo sababu ya kulia. Mfano, kwa mwalimu wetu:

> YAH: RUFAA JUU YA TAREHE YA KUANZA PENCHENI YA ULEMAVU
> Uanachama Nam. ……  Kumb. ya barua yenu: ……
>
> Tafadhali husika na mada iliyotajwa hapo juu.
>
> 1. Nimepokea barua yenu ya tarehe …… inayoanzisha pencheni yangu 1 Machi 2024. Nakubaliana na uamuzi kuwa mimi ni mlemavu na sipingi kiwango cha malipo. Napinga tarehe ya kuanza peke yake.
>
> 2. Naomba tarehe hiyo irekebishwe iwe 1 Julai 2022, kwa sababu zifuatazo:
> (a) Nililazwa kwa kiharusi tarehe 14 Juni 2022 (Kielelezo A).
> (b) Sikurudi kazini tangu siku hiyo, na mshahara wangu wa mwisho ni wa Juni 2022 (Kielelezo B na C).
> (c) Daktari bingwa amethibitisha kuwa hali yangu haikukatika tangu Juni 2022 (Kielelezo D).
>
> 3. Maombi yalichelewa hadi Novemba 2023 kwa kuwa nilikuwa siwezi kusema wala kuandika (Kielelezo D, aya ya 2).
>
> 4. Kama ombi la aya ya 2 halitakubaliwa, naomba pencheni ianze 1 Disemba 2023, mwezi uliofuata maombi.
>
> 5. Naomba kulipwa malimbikizo, na kupewa majibu kwa maandishi yenye sababu.

Angalia aya ya kwanza. Umefunga mlango wa mambo ambayo hutaki yaguswe. Anayepitia faili upya anaweza kutaka kuliangalia lote, na huenda ukaitwa tena mbele ya bodi. Kwa hiyo kabla ya kutia saini jiulize kama hali yako ya kiafya bado ni ile ile. Ukiwa umepata nafuu kubwa, zungumza na mwanasheria kwanza.

Mkono usioweza kutia saini utie dole gumba mbele ya shahidi, na shahidi aandike jina lake na kitambulisho chake. Anayemsimamia mgonjwa aambatanishe barua ya kuidhinishwa.

## Hatua ya 8: Peleka, na usitoke bila ya muhuri

Barua iende kwa Mkurugenzi Mwendeshaji kupitia masjala. Aliyeko Pemba apeleke ofisi ya Pemba, hapana haja ya kupanda boti kwa ajili ya hilo. Chukua seti mbili kamili: moja ya kuacha, moja ya kugongewa "IMEPOKELEWA" na tarehe.

Karani akikwambia, "Wacha tu, Bi Mkubwa, tutakupigia," mwambie kwa upole, "Ahsante mwanangu, nigongee hii ya kwangu nende nayo." Simama hapo hapo. Kopi isiyo na muhuri haithibitishi kitu siku utakapoambiwa faili halionekani.

Usiache barua kwa mlinzi, wala kwa jamaa anayefanya kazi humo, hata akiwa ndugu wa damu.

## Hatua ya 9: Fuatilia kwa maandishi

Baada ya wiki mbili piga simu uulize nambari ya faili na limefika meza ya nani. Baada ya mwezi, peleka barua ya kukumbusha yenye kopi ya ile iliyogongwa muhuri. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kila ukumbusho upate muhuri wake.

Ukiitwa kusikilizwa, nenda na mstari wako wa tarehe umeandikwa kwenye ukurasa mmoja safi, utoe kopi kwa kila aliyekaa mezani. Jibu ulichoulizwa tu. Usipokumbuka, sema hukumbuki na uonyeshe karatasi. Mwenye shida ya kusema, kusikia au kuona aombe mapema msaidizi au mkalimani wa lugha ya alama.

## Wakikataa

Omba kukataliwa huko kwa maandishi na kwa sababu. Kisha usiende peke yako. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Chake Chake, na wasaidizi wa sheria wapo mpaka kwenye shehia. Sheria ya Msaada wa Kisheria Nam. 13 ya 2018 imewekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kumlipa wakili. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu wanaweza kukusindikiza na kukuandikia. Wapelekee bahasha yako kama ilivyo, na mstari wa tarehe juu. Mwanasheria anayepewa faili lililopangwa anaanza na sheria. Anayepewa mfuko wa rambo wa karatasi anaanza na kukupangia.

## Kama malipo yanatoka nje ya nchi

Wapo waliofanya kazi Uingereza au Marekani, wakarudi Zanzibar wakiwa wagonjwa, na barua zinawafuata huku. Kwao muda ni mkali.

Marekani, Hifadhi ya Jamii inatoa siku 60 za kukata rufaa tangu upokee barua, na inahesabu kuwa umeipokea siku ya tano baada ya tarehe yake, isipokuwa uthibitishe vyengine. Barua ikichukua mwezi kufika posta ya Wete, weka bahasha yenye muhuri wa posta. Tena jua kwamba pencheni yao ya ulemavu, kwa kawaida, haianzi mpaka ipite miezi mitano kamili tangu ulemavu uanze, na hairudi nyuma zaidi ya miezi 12 kabla ya maombi. Ukikuta pengo la miezi mitano, hilo ni sheria yao, si kosa, lisikupotezee rufaa. Aliyekuwa askari wa jeshi lao ana mwaka mmoja kupinga uamuzi wa fidia ya ulemavu.

Uingereza, mwanzo unaomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya barua. Jibu lisipokuridhisha, una mwezi mwengine wa kwenda kwenye baraza la rufaa.

Daftari, mstari wa tarehe na neno "tangu" vinafanya kazi huko kama vinavyofanya hapa. Barua ya daktari wa Mnazi Mmoja iambatane na tafsiri ya Kiingereza kama imeandikwa kwa Kiswahili.

## Fedha zikiingia

Ukishinda, omba barua mpya inayotaja tarehe mpya. Malimbikizo kuingia benki bila ya barua hayatoshi, kwani siku ya mirathi warithi wako wataulizwa pencheni ilianza lini. Chukua hesabu ya hatua ya 6, uilinganishe na kilichoingia mwezi kwa mwezi. Ikipungua hata mwezi mmoja, andika wiki hiyo hiyo, kwa kumbukumbu nambari ile ile, na kopi nyengine ya kugongewa muhuri.